Georgette Heyer: Mwandishi wa Mapenzi ya London Aliyepitia Kyerwa

Hotuba hii ilitolewa mjini Bukoba mbele ya walimu wa fasihi, waandishi chipukizi na wapenzi wa vitabu. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu mliotupa heshima kwa kufika, ndugu waandishi, na ninyi wanafunzi mliojipanga kule nyuma karibu na mlango: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Katika madarasa yetu ya fasihi tumezoea kuzigawa riwaya mafungu mawili. Kuna riwaya dhati, ambazo hufundishwa na kutungiwa maswali ya mtihani, na kuna riwaya pendwa, ambazo husomwa. Mnacheka, lakini ndivyo mambo yalivyo. Katika miaka ya 1980 Kajubi Mukajanga, ambaye baadaye alikuja kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Habari Tanzania, aliandika riwaya pendwa zilizopata wasomaji wengi, na wengi wa rika langu tulizisoma chini ya dawati huku kitabu cha kiada kikiwa kimefunguliwa juu. Sasa niulize: tunapokiita kitabu chepesi, wepesi tunaoupima ni wa nani? Ni wa msomaji anayekimaliza kwa usiku mmoja, au ni wa mwandishi aliyekihangaikia kwa miezi?

Ili kulijibu swali hilo nimemchagua mwanamke wa Kiingereza aitwaye Georgette Heyer, aliyezaliwa Wimbledon, London, tarehe 16 Agosti 1902, akafariki tarehe 4 Julai 1974, na katikati ya tarehe hizo akaandika zaidi ya vitabu hamsini. Nimemchagua kwa sababu ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa tawi zima la riwaya za mapenzi, lile linalosimulia maisha ya mabwana na mabibi wa Uingereza wakati Mwanamfalme George alipoushika utawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, yaani kati ya mwaka 1811 na 1820. Nimemchagua pia kwa sababu aliwahi kuishi katika mkoa wetu huu wa Kagera, na ni huku huku alikoandika mojawapo ya riwaya zake. Naona baadhi yenu mnatazamana. Tutafika huko.

Nianze na jinsi alivyoingia katika kazi hii, kwa sababu inatueleza aliandika kwa ajili ya nani. Georgette alikuwa na wadogo zake wawili wa kiume, Boris na Frank. Boris alikuwa na himofilia, ule ugonjwa ambao damu haigandi upesi, na jeraha dogo tu humlaza mgonjwa kitandani. Georgette alipokuwa na umri wa miaka 17, familia ikiwa katika mji wa pwani wa Hastings ili Boris apate nafuu, alianza kumtungia mdogo wake hadithi ya vipande vipande, yenye kabaila aliyesingiziwa kosa la nduguye, akageuka kuwa mnyang'anyi wa barabarani, na mapanga na farasi na msichana wa kuokolewa. Baba yao, aliyekuwa amewahi kuwa mwalimu, aliisikia, akaipenda, akamwambia binti yake aiandae kwa ajili ya kuchapishwa. Ilitoka mwaka 1921 kwa jina la The Black Moth, mwandishi akiwa na umri wa miaka 19, bila kukanyaga chuo kikuu chochote.

Ninyi mnaofundisha uandishi mnajua thamani ya msikilizaji wa namna hiyo. Mtoto mgonjwa hana adabu ya kifasihi. Hadithi ikimchosha, anageukia ukutani. Mwandishi aliyeanza kwa kumshika msikilizaji wa aina hiyo asigeuke, amejifunza jambo ambalo semina nyingi zetu hazijaweza kulifundisha, na mimi naamini, ingawa siwezi kulithibitisha, kwamba mwendo wa kasi tunaoukuta katika vitabu vyake vyote hadi cha mwisho ulizaliwa pale Hastings, pembeni ya kitanda cha Boris.

Mwaka 1925 mambo yalibadilika. Mwezi Juni baba yake alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na hakuacha pensheni. Mwezi Agosti Georgette aliolewa na Ronald Rougier, mhandisi wa migodi. Kwa hiyo ndani ya majira hayo hayo ya kiangazi, msichana wa miaka 22 aliyefikisha 23 alifiwa na baba, akapata mume, na akabeba jukumu la kuwasaidia wadogo zake wawili. Kuanzia hapo, mabibi na mabwana, kalamu yake haikuwa tena ya kumfurahisha mgonjwa. Ilikuwa ya kulipa ada, kodi ya nyumba na bili ya daktari.

Mwaka uliofuata, 1926, alitoa riwaya iliyompa jina. Ulikuwa mwaka wa mgomo mkuu wa wafanyakazi nchini Uingereza, na kitabu kilitoka bila matangazo ya maana na bila tahakiki magazetini. Hata hivyo kiliuzwa takriban nakala 190,000. Wasomaji walikitafuta wenyewe, wakaambiana wenyewe. Mwandishi alijifunza somo kutokana na hilo, tena somo ambalo wachapishaji wake walilijutia maisha yao yote: aliamua kwamba matangazo hayana faida. Hakutoa mahojiano. Hakutaka kupigwa picha akijifanya anaandika mezani wala akitembea bustanini. Alisema maisha yake ya ndani hayamhusu mtu yeyote isipokuwa yeye na familia yake. Alipofariki, wasomaji wake wengi walipata kujua kutoka katika taarifa za msiba magazetini kwamba jina lake la ndoa lilikuwa Bibi Rougier. Hebu fikirini: watu wamesoma vitabu vya mtu kwa nusu karne, na jina la mume wake wanalisikia siku wanayoambiwa kwamba amekufa.

Sasa tuje nyumbani. Ronald alipopata kazi ya kutafuta madini katika Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Waingereza baada ya Wajerumani kushindwa vita, mkewe alimfuata. Madini yaliyokuwa yakitafutwa ni bati, na mahali penyewe ni Kyerwa, kule kwenye vilima vya Wanyambo kuelekea Mto Kagera. Ninyi mliotoka Kyerwa hamhitaji kuambiwa na mimi habari za bati. Mpaka leo wachimbaji wadogo wanalichimba. Kati ya mwaka 1926 na 1928 huko kulikuwa porini kabisa kwa macho ya mgeni. Nyumba ya mhandisi na mkewe ilikuwa kibanda kilichojengwa kwa mabingobingo, na inasimuliwa kwamba watumishi wao hawakuwa wamewahi kumwona mwanamke wa Kizungu kabla ya huyo.

Alikuwa akifanya nini ndani ya kibanda hicho? Alikuwa akiandika The Masqueraders, riwaya ya London ya miaka ya 1740, baada ya uasi wa wafuasi wa ukoo wa kifalme wa Stuart kushindwa. Kaka na dada wa familia iliyounga mkono uasi huo wanajificha kwa kubadilishana mavazi: kaka anavaa gauni na kujipaka poda, dada anavaa suruali fupi na kujifunga upanga kiunoni, na kila mmoja wao anampenda mtu ambaye hawezi kumweleza ukweli. Ni riwaya ya kuchekesha, yenye hatari na karamu na pambano la panga. Nawaomba mtazame picha hizi mbili kwa pamoja: nje kuna kilima cha Karagwe, ndani kuna ukumbi wa dansi wa London.

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria huishi kwa vitabu vya marejeo. Anahitaji kujua mtaa fulani ulikuwa na nyumba gani, taa iliwashwa kwa kitu gani, bibi mwenye cheo alisalimiwaje. Heyer hakuwa na maktaba yake Kyerwa. Alichokuwa nacho ni kile alichokuwa amekihifadhi kichwani kwa miaka ya kusoma. Waliokipekua kitabu hicho baadaye wakitafuta makosa ya kihistoria walikuta moja: klabu moja mashuhuri ya mabwana wa London ameifungua mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Kosa moja! Nawauliza waandishi vijana mliomo humu, mnaoandika mkiwa na simu mkononi yenye maktaba ya dunia nzima: ni wangapi kati yetu tunaweza kuandika sura kumi juu ya Bukoba ya mwaka 1960 na kukosea mara moja tu?

Lakini kuna upande wa pili, na ningekuwa sijautendea haki mkutano huu kama nisingeusema. Nchi hii haikuingia katika riwaya hiyo hata kwa mstari mmoja. Kuhusu maisha yake huku aliandika makala moja juu ya faru, iliyochapishwa London mwaka 1929 katika jarida la The Sphere, yaani ile Afrika ya wanyama wakali ambayo wasomaji wa huko walikuwa wameizoea. Watu waliokata mabingobingo, waliompikia chai na kumtekea maji ili apate saa za kuandika, hawakupata nafasi katika maandishi yake ya mapenzi. Sisemi haya kwa kinyongo. Mtu huandika anachokijua na anachokipenda, na yeye aliipenda London ya zamani. Nasema tu kwamba kila riwaya ina watu walioibeba bila kutajwa, na kwa hii mojawapo, watu hao walikuwa babu na bibi za baadhi yenu.

Kutoka huku, wenzi hao walikwenda Makedonia, Ronald akifuata migodi tena, na huko Georgette nusura apoteze maisha pale daktari wa meno alipomkosea dawa ya kumtia ganzi. Akasema basi. Alitaka kurudi Uingereza kabla ya kuzaa, na walirudi. Mwaka 1929 Ronald aliacha kazi ya migodi, na hapo mhimili wa nyumba ukawa ni mkewe. Ronald alijaribu biashara ambazo hazikufika mbali, kisha wakanunua duka la vifaa vya michezo katika mji wa Horsham kwa fedha walizokopeshwa na shangazi zake Georgette. Boris akaishi juu ya duka na kusaidia kuuza. Mtoto wao pekee, Richard, alizaliwa mwaka 1932. Baadaye Ronald aliamua kusomea sheria akiwa mtu mzima, akawa wakili, na muda wote aliokuwa akisoma, kilichoiendesha nyumba kwa sehemu kubwa kilikuwa vitabu vya mapenzi na vya upelelezi. Mtoto naye alikuja kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Uingereza. Kwa hiyo wakili mmoja na jaji mmoja wamesomeshwa na zile zinazoitwa hadithi nyepesi, na mimi ningependa wazazi waliomo humu, wale wanaomnyang'anya binti yao daftari la hadithi kwa sababu ameandika juu ya mapenzi, wakae na habari hiyo kidogo.

Katika miaka hiyo ya 1930 kawaida yake ilikuwa kutoa riwaya moja ya mapenzi na moja ya upelelezi kila mwaka. Hizo za upelelezi alizifanya na mumewe: mara nyingi Ronald ndiye aliyepanga nani ameuawa, na nani, na kwa njia gani, kisha mkewe akawaumba watu na kuwatia maneno kinywani. Mtoto wao alisema mama yake alizichukulia kazi hizo kama fumbo la maneno mtambuka, jambo la kushughulisha akili kabla ya kazi yenyewe. Wasomaji walikubaliana naye: riwaya ya upelelezi iliuzwa takriban nakala 16,000, na ile ya mapenzi takriban 115,000.

Hebu sasa tuingie jikoni kwake, tuone jinsi alivyopika. Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, na Mwenyekiti atanisamehe nikila dakika za wengine.

Heyer alikusanya maktaba yake mwenyewe ya historia, yenye vitabu zaidi ya elfu moja. Alikuwa na madaftari na kadi alimopanga kila kitu kwa mafungu: kofia za wanawake na jinsi zilivyofungwa, aina za magari ya farasi, bei ya mishumaa, umbali kutoka kituo kimoja cha kubadilishia farasi hadi kingine, matusi ya makuli, misemo ya wacheza ngumi, lugha ya wezi. Alinunua barua halisi iliyoandikwa na Jemadari Wellington, yule aliyemshinda Napoleon, ili aone mkono wake na kuuzoea mtindo wake wa kusema. Kazi hiyo ilitumika katika An Infamous Army ya mwaka 1937, riwaya ya mapenzi ambayo sehemu yake ya mwisho ni Vita vya Waterloo, vilivyopiganwa tarehe 18 Juni 1815. Mapigano yale yamesimuliwa kwa usahihi kiasi kwamba inaelezwa kitabu hicho kiliwahi kupendekezwa kwa wanafunzi maafisa wa chuo cha jeshi cha Sandhurst. Tafakarini hilo: afisa mwanafunzi anapewa riwaya ya mapenzi ili ajifunze vita.

Je, alikuwa akijionyesha kwa ujuzi? Wakati mwingine ndiyo, na ziko kurasa zake ninazozipita haraka kwa sababu mavazi yamezidi watu. Lakini anapokuwa katika ubora wake, maelezo hayo yana kazi. Katika jamii ile, msichana aliyepanda gari la farasi peke yake na mwanamume kwa saa kadhaa anaweza kupoteza heshima na nafasi ya kuolewa. Basi ukijua ni saa ngapi kutoka mji mmoja hadi mwingine, na farasi hubadilishwa wapi, na nani anaweza kuwaona katika nyumba ya wageni, umeshapata hadithi. Wasiwasi wa msomaji unatoka katika ratiba ya safari. Waandishi wetu wa mapenzi mara nyingi hutaka wasiwasi utoke katika machozi, au katika bastola, au katika ajali ya gari inayotokea sura ya kumi na tisa bila kubisha hodi. Heyer aliutoa katika sheria za jamii aliyoijua kinaganaga. Na sisi je, hatuna sheria kama hizo? Hatuna mshenga, mahari, baba mkubwa asiyeshauriwa, dada wa kwanza ambaye bado hajaolewa? Mali tunayo. Tunachokosa ni daftari.

Jambo jingine ni majibizano. Mapenzi katika riwaya zake hayaonyeshwi kwa vitanda. Milango ya vyumba vya kulala imefungwa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Yanaonyeshwa kwa ndimi. Msichana anamjibu bwana mwenye majivuno, bwana anagundua kwamba kwa mara ya kwanza amekutana na mtu asiyemwogopa, na kuanzia hapo kila neno ni kamba inayovutwa huku na huku. Heyer alimpenda sana Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza wa zama hizo, na hapo deni lake linaonekana. Sisi tuliokulia katika lugha ya malumbano, ambamo mshairi humjibu mshairi kwa vina na mizani mpaka mmoja akubali, tungetakiwa kuwa mabingwa wa jambo hili.

Kazi ya namna hiyo huvutia wezi, na walikuja. Mwaka 1950 msomaji mmoja alimwandikia Heyer kumwarifu kwamba mwandishi mwingine wa mapenzi anatumia majina yake, visa vyake na vitu vyake. Alivinunua vitabu hivyo, akakaa chini, akaandika orodha ya mambo yaliyofanana. Kilichomuudhi zaidi hakikuwa kuibiwa tu. Aliona kwamba mwigaji amechukua misemo ya kale bila kuelewa maana yake na kuitumia mahali pasipofaa. Mwigaji mwingine, baadaye, alitumia msemo ambao Heyer alikuwa ameupata katika maandishi ya familia yaliyochapwa kwa matumizi binafsi, yasiyopatikana madukani, kwa hiyo njia ya kuupata ilikuwa moja tu. Hata hivyo hakumpeleka mtu mahakamani, na wanasheria wake walipopendekeza habari zivujishwe kwa magazeti, alikataa. Mnaona jinsi daftari linavyofanya kazi mara ya pili? Usahihi uliomsaidia kuandika ndio uliomwezesha kumtambua mwizi.

Ndugu zangu, sikuja hapa kumsafisha mtu. Heyer alikuwa mwanamke wa tabaka lake na wa wakati wake, na pengine zaidi kidogo. Aliamini katika damu na ukoo. Katika vitabu vyake watumishi ni wa kuchekesha na mabwana ni wa kupendwa. Katika riwaya yake ya mwaka 1950, The Grand Sophy, yumo Myahudi mkopesha fedha aliyechorwa kwa chuki ya wazi, uchafu na ulafi, miaka mitano tu baada ya dunia kuona chuki hiyo ilikowafikisha watu. Wapo wanaosema tusome tu tuufumbie macho ukurasa huo. Mimi nasema tuusome tukiwa macho, na tuuweke mezani tunapofundisha, kwa sababu mwanamke aliyekuwa tayari kutafuta barua moja ya Jemadari kwa ajili ya usahihi hakujisumbua hata kidogo kumtafuta mtu halisi nyuma ya kinyago kile. Huo ndio uzembe mkubwa kuliko yote katika kazi yake, na ni uzembe wa kitaaluma pia, si wa kimaadili peke yake.

Sasa, yeye mwenyewe aliionaje kazi yake? Hapa pana jambo la kusikitisha kidogo. Aliidharau, au angalau alizungumza kama mtu anayeidharau. Katika barua ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akizungumzia riwaya iliyotoka mwaka 1944 kwa jina la Friday's Child, alisema kwamba anadhani anastahili kupigwa risasi kwa kuandika upuuzi kama ule, lakini akaongeza kwamba bila shaka ni maandishi mazuri ya kumtoa mtu mawazoni, na kwamba yeye mwenyewe angeyapenda kama angekuwa amekaa kwenye handaki la kujikinga na mabomu, au akiugua mafua. Kitabu alichokitamani kwa moyo wote kilikuwa kingine: riwaya ndefu ya kihistoria ya karne za kati, juu ya ukoo wa kifalme wa Lancaster. Alikifanyia utafiti kwa miaka mingi. Kila alipokaa akiandike, mamlaka ya kodi ilibisha hodi, kwa maana kodi ya mapato ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa kali kwa watu wenye kipato kama chake, na ili alipe ilimbidi aandike haraka riwaya nyingine ya mapenzi ambayo wasomaji wangeinunua. Hakukimaliza. Sehemu iliyokuwa tayari ilichapishwa mwaka 1975, yeye akiwa ameshazikwa.

Suala la kodi lilimfanya aunde kampuni ya kumiliki baadhi ya vitabu vyake, na mwaka 1966 kampuni hiyo ikauzwa kwa takriban pauni 85,000. Mnunuzi alikuwa Booker-McConnell, kampuni ya biashara ya sukari iliyokuwa ikinunua haki za waandishi wanaouzika. Jina Booker linawakumbusha nini? Ndiyo, nimesikia mtu amelitaja pale mbele: ni kampuni hiyo hiyo iliyoanzisha Tuzo ya Booker, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1969, tuzo ambayo mwaka 1994 mzaliwa wetu wa Zanzibar, Abdulrazak Gurnah, aliingia katika orodha yake fupi kwa riwaya yake ya Paradise, miaka mingi kabla ya Nobeli ya 2021. Mapenzi na ujasusi na upelelezi viliingiza fedha kwa kampuni iliyotuza riwaya dhati. Mimi nikiyafikiria hayo huwa natabasamu, na sidhani kwamba ni mimi peke yangu.

Si wahakiki wote walionyamaza. Mwaka huo huo wa 1969 A. S. Byatt, mwandishi na msomi, alichapisha makala akiwaambia Waingereza kwamba Heyer ni mwandishi bora kuliko wanavyodhani. Na Byatt huyo ndiye aliyeshinda Tuzo ya Booker mwaka 1990. Heyer alipofariki kwa saratani ya mapafu, baada ya maisha ya kuvuta sigara nyingi, vitabu vyake 48 vilikuwa bado vinachapishwa, kikiwamo kile alichomtungia Boris. Mwaka 2015 kibao cha kumbukumbu kilibandikwa kwenye nyumba aliyozaliwa, kule Wimbledon.

Nimalizie na kisa kimoja ambacho sikutaka kukikosa. Barua za wasomaji alizipata nyingi, na kwa desturi yake hakuzihifadhi. Moja aliitunza. Ilitoka kwa mwanamke aliyekuwa mfungwa wa kisiasa nchini Romania kwa miaka 12. Mwanamke huyo alieleza kwamba humo gerezani, bila kitabu wala karatasi, aliwasimulia wafungwa wenzake hadithi ya Friday's Child, tena na tena, na kwamba masimulizi hayo ndiyo yaliyowasaidia kubaki na akili timamu. Ndicho kitabu kile kile ambacho mwandishi alisema anastahili kupigwa risasi kwa kukiandika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona umeangalia saa mara mbili. Nimeleta nakala ya The Masqueraders, na nimeambiwa ofisi ya shule itaruhusu iazimwe kwa zamu. Atakayeanza nayo aandike jina lake kwenye karatasi iliyo mezani. Kama kuna aliyetoka Kyerwa ambaye kwao kuna simulizi za Wazungu wa bati wa miaka ile, walioajiri nani na kujengewa wapi, naomba anione kabla ya kuondoka, ili tupange kwenda kuwarekodi wazee wake. Sasa nipo tayari kwa maswali, tukianza na kule nyuma.